Mama wa Akiba

Katika ukoo wa Mzee Qamara wa Qurus kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja mbele ya mwenyewe: Antonia, mkewe, hasafiri. Wapo wasiokula nguruwe, wapo wasiogusa pombe. Antonia alikuwa hasafiri. Akialikwa ubatizo Mbulu, anatuma jogoo. Kukiwa na msiba Endabash, anamtuma mumewe na debe la mahindi. Ndugu walizoea hata wakaacha kumhesabu walipokuwa wanapanga nani akae wapi kwenye gari.

Kwa hiyo Adrian, kitinda mimba wake, fundi wa magari ya watalii pale Karatu mjini, aliposema amepata mchumba na kwao ni Enguserosambu, ukoo mzima ulimtupia Antonia jicho, kisha ukatazama pembeni. Enguserosambu ni mbali. Ni kupanda Ngorongoro, kuvuka mbuga, kufika Loliondo, halafu ndiyo uanze kuuliza njia. Kwamba binti ni Mmasai lilikuwa jambo la kujadiliwa pia, maana wazee wa Kiiraqw hawajasahau ng'ombe waliochukuliwa zama za babu zao, na wenzao wa upande wa pili nao wana orodha yao. Lakini hilo lilimalizwa mchana mmoja kwa chai na maandazi. La Antonia halikumalizwa.

Binti mwenyewe, Nanyori, alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, na alikuwa na sauti ya upole ambayo haikumficha mtu ukweli.

"Mama, kwetu baba anaweza kuwakilishwa na kaka yake," alimweleza. "Mama wa kijana hana mwakilishi. Anaingia nyumbani kwa mama yangu, anakula kutoka mkononi mwake. Akitoka kabla hajala, wanaume huko nje wanajifunga shuka zao na mazungumzo yamekwisha. Mama yangu atajua nyumba yenu imenikataa."

"Nitakuja," Antonia alisema. Mikono ilikuwa imeshakuwa ya baridi chini ya kanga, lakini hilo hakumwambia mtu.

Ugonjwa wake ulianza zamani, Adrian akiwa bado ananyonya. Siku hiyo yuko mnadani anachagua sufuria, moyo ukaanza kwenda mbio bila kuulizwa, pumzi ikawa fupi, akajua anakufa pale pale kati ya masufuria. Hakufa. Lakini tangu hapo aliishi kama mtu anayemsikiliza mwizi juu ya paa: anapalilia mbaazi, anacheka na wenzake, na sikio moja liko kifuani. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Qamara akichelewa kurudi shambani, yeye ameshamzika na kupanga nani atapika.

Majirani ni watu wazuri, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wa kumpa. Mmoja alisema ni presha, mwingine vidonda vya tumbo, wa tatu akashusha sauti na kutaja shangazi fulani mwenye jicho baya. Alipimwa moyo, ukakutwa mzima kuliko wa mpimaji. Aliombewa mpaka mwombaji akakauka sauti, na sala zilimpa faraja kweli, ila Jumatatu moyo ulirudi kazini kama kawaida. Duka moja la dawa likampa vidonge vya kumtuliza. Vilimtuliza upesi, halafu vikaanza kudai viongezwe, na siku alipovikosa alikiona cha mtema kuni.

Na bado angevumilia, maana wanawake wa Qurus wamefundishwa kuvumilia hata kisichohitaji kuvumiliwa, kama si harusi ya Angelina. Angelina, binti yake wa kwanza, aliolewa Babati. Antonia alipanda basi la harusi akiwa na kitenge cha sare na kilemba kama wenzake, akaimba nao mpaka Mto wa Mbu. Mto wa Mbu akashuka. Alisema anakwenda kujisaidia, akapanda gari la kurudi Karatu, akajifungia chumbani na kilemba chake kichwani. Kule Babati, kiti cha mama wa bibi harusi kilikaliwa na mkoba wa shangazi. Angelina hakumlaumu hata kwa neno moja. Aliendelea kupiga simu kila Jumapili, kwa adabu, kwa ile sauti ambayo watu huitumia kwa wagonjwa, na hilo lilimuuma Antonia kuliko matusi.

Ndipo akaenda hospitali, kwenye chumba cha mwisho cha korido, kile ambacho watu hukipita wakiangalia upande mwingine. Kwenye benchi la kusubiria alimkuta jirani yake, akamwambia amekuja kung'oa jino. Jirani naye akasema amekuja kwa ajili ya jino. Walikaa pale wawili na meno yao mazima mpaka wakaitwa mmoja mmoja.

Ndani alikuwepo Wilibrodi, tabibu wa afya ya akili, mwanaume mnene mwenye sweta la kufuma, aliyekuwa na tabia ya kumaliza kusikiliza kabla hajaanza kusema. Alimsikiliza Antonia mpaka mwisho. Kisha akamtajia jina la kitu kile: ugonjwa wa wasiwasi, ule wa kudumu, unaokuja na vishindo vya hofu. Haukuwa uchawi, haukuwa upungufu wa imani, na hakuwa nao peke yake. Antonia alilia pale kitini. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa sababu kitu kilichomtesa nusu ya maisha yake kilikuwa na jina, na mtu alilitamka bila kushtuka.

"Unatibika?" aliuliza.

"Unatibika, mama. Lakini si kama malaria. Hapa tutajaribu, tutakosea, tutajaribu tena. Wewe usinikimbie tu."

Na kweli walikosea. Dawa ya kwanza, kidonge cha jioni, ilimkausha mdomo mpaka ulimi ukagoma kusali rozari, na ikampa usingizi wa pono. Alisinzia kwenye mazoezi ya kwaya katikati ya wimbo. Alitia chumvi kwenye maharage, akasahau, akatia tena, na Qamara akayala bila kusema kitu, kama alivyomeza mambo mengi katika ndoa ile. Wilibrodi akaibadilisha, akampa kapsuli za asubuhi. Hizo nazo zilianza kwa vurugu: siku za mwanzo moyo ulidunda kuliko zamani. Antonia akazitupa chooni, akanuna, akakaa nyumbani mpaka mbaazi zikavunwa. Aliamini dawa imemkataa. Kwamba dawa ile husumbua kidogo kabla ya kutuliza, aliambiwa, lakini siku ile alikuwa anausikiliza moyo, hakumsikiliza tabibu.

"Ulinikimbia," Wilibrodi alisema aliporudi. Hakugomba. Alimwanzishia dozi ndogo, akampandisha taratibu, na safari hii akawa anampigia simu kumuuliza hali. Siku moja, wala hakuna kilichotokea, Antonia aliipua ugali na kugundua kwamba amesonga sufuria nzima bila kuusikiliza moyo wake. Akakaa chini jikoni, mwiko mkononi, akishangaa ule ukimya. Ulikuwa mtamu ajabu.

Kapsuli, hata hivyo, hazimpandishi mtu basi. Wilibrodi alimweleza kwamba dawa imempunguzia mzigo, lakini kutembea atatembea mwenyewe. Kila alipoikimbia hofu, aliifundisha kwamba imeshinda.

"Hofu ni mgeni asiye na shughuli," alisema. "Ukimtoroka atakufuata mpaka kwa jirani. Ukikaa naye, hana maongezi huyo, atachoka na kuaga."

Wakaanza. Kwanza benchi la katikati kanisani. Halafu stendi ya Karatu, kukaa ndani ya basi lililosimama, injini ikiunguruma, mpaka hofu ishuke yenyewe; makonda wakamzoea, wakamwita abiria wa bure. Halafu Rhotia. Halafu Geti la Ngorongoro na kurudi. Sharti lilikuwa moja: asishuke wakati hofu iko juu. Alifundishwa pia kuhesabu pumzi, na hiyo ilimshinda kabisa, maana alipopoteza hesabu tu alianza kuogopa kwamba anakosa hewa. Wilibrodi alicheka, akamwambia aachane nayo. Badala yake waliipa hofu namba. Kumi ni ile ya kufa, sifuri ni hakuna kitu, na kazi ya Antonia ilikuwa kuitaja kwa sauti, basi. Qamara, mtu wa maneno machache, aliipenda tiba hiyo kwa kuwa haikumtaka aseme mengi.

"Ngapi?" angeuliza.

"Saba."

"Haya."

Na wangekaa hivyo mpaka iwe tatu.

Angelina alifika kutoka Babati siku moja kabla ya safari ya Enguserosambu. Jua likikaribia kuzama, Antonia alipita nyuma ya chumba cha wageni akiwa na tetea mmoja mkaidi kwapani, akamsikia binti yake akiongea na shangazi kwenye simu.

"Ndiyo, nimebeba kitenge cha pili," Angelina alikuwa anasema. "Akirudia njiani, mimi nitaingia kama mama mdogo wa Adrian. Si vizuri, lakini ni afadhali kuliko kiti kitupu. Aibu ile moja inatosha, shangazi."

Antonia alisimama na kuku wake. Watu husafiri na tairi la akiba. Ukoo ule ulikuwa unasafiri na mama wa akiba. Alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu mtoto alikuwa amepanga sawasawa, kama mtu aliyewahi kuachwa njiani. Alimfungia tetea bandani na kurudi jikoni, na chakula cha jioni kikaliwa kwa mazungumzo ya hali ya hewa.

Waliondoka asubuhi baada ya uji na kapsuli. Gari ni la rafiki yake Adrian, na dereva ni Benson, kijana aliyezoea kuwapeleka wageni kutazama wanyama. Msitu wa Ngorongoro uliwapokea kwa ukungu, baridi ikaingia mpaka ndani ya soksi, na Antonia alisali kimya akiwa na nne, kisha tano, kisha nne tena. Mpaka hapo alikuwa bado yuko karibu na anapopajua. Walipoanza kuteremka kuelekea Malanja, ukungu umebaki nyuma, mbele hakuna nyumba, hakuna duka wala gari la kurudi Karatu, akakishika kiti cha mbele.

"Imekuja," alisema.

"Ngapi?" Qamara aliuliza.

"Nane."

Benson akapunguza mwendo, akachungulia kulia na kushoto. "Nane wako wapi, mama? Mimi naona twiga wawili tu."

Adrian alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye kioo. Antonia naye akacheka, huku machozi ya hofu yakiwa bado yanamlenga, na katika kucheka nane ikawa saba. Ilichukua mbuga nzima kuwa tatu. Hakuna aliyegeuza gari. Angelina, aliyekaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, alikuwa anamtazama mama yake kisogoni muda wote, na yeye hakucheka.

Walilala nyumba ya wageni Loliondo, na asubuhi wakaenda Enguserosambu. Boma lilikuwa limejaa watu. Wanaume walibaki nje karibu na zizi, pamoja na madume ya ng'ombe yaliyonunuliwa huko huko kwa ajili ya siku hiyo, asali na mablanketi, wakaanza salamu ndefu ambazo Qamara alizijibu kwa kifupi. Antonia na Angelina waliongozwa na Nanyori mpaka kwenye nyumba ya mama yake. Mlango ulikuwa mfupi wa kuinama, na ukishaingia njia inakata kona, hivyo mwanga wa nje haukufuati. Ndani kuna moshi, moto mdogo, kitanda cha ngozi, na wanawake waliokwishakaa. Nyumba kama hiyo Wilibrodi hakuwa nayo ya kumfanyisha mazoezi. Antonia alimkumbuka bibi yake kule Mbulu, aliyeishi katika nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, akajisemea kwamba wanadamu hukaa humu na kutoka wazima.

Nosim, mama wa Nanyori, alikuwa mwanamke mrefu mwenye shanga mpaka mabegani na Kiswahili cha kutosha. Alimshika Antonia mikono yote miwili.

"Karibu, mama Adrian. Umetoka mbali."

"Nimefika, dada."

Kabla ya nyama, Nosim alimletea kikombe kikubwa cha supu ya rangi ya kahawia. Ilikuwa ya moto, na ukali wake ulikwaruza koo kama chai ya majani mengi isiyo na sukari.

"Kunywa yote," alisema. "Hii nimekupikia wewe mwenyewe."

Kinachotoka mkononi mwa Nosim siku hiyo hakikataliwi. Antonia alikunywa yote. Nosim akaridhika, akamjazia tena, na Antonia akanywa tena, akiusifu upishi kwa uongo wa heshima.

Haukupita muda, moyo ukaanza. Ulianza kwa kudunda kwa nguvu, kisha ukaongeza mwendo. Masikio yakapata moto. Vidole vikatetemeka mpaka kikombe kikagonga kwenye bangili. Antonia alitazama kule ambako mwanga ungekuwepo kama nyumba isingekuwa na kona, na mwili wake wote, kuanzia nyayo, ulitaka kutoka. Nisimung'unye maneno: alitaka kumwacha Adrian, kumwacha Nanyori na mama yake, kuwaacha ng'ombe na asali, awe nje.

Angelina aliuona uso ule. Akausogeza mkoba karibu, akafungua zipu, na kona ya kitenge kipya ikaonekana.

"Ayo," alimwita mama yake kwa Kiiraqw, kwa sauti ile ile ya Jumapili, "nenda nje kidogo upate hewa. Mimi nitabaki."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Kulikuwa na huruma tu, huruma ya mtu aliyeacha kutegemea chochote. Antonia aliielewa vizuri, akaona kwamba akitoka sasa binti yake hatamlaumu, kama ambavyo hakumlaumu mara ya kwanza, na kwamba wataendelea hivyo mpaka mmoja wao afe.

"Kaa, Angelina," alisema. Kisha akamgeukia Nosim.

"Dada, nina ugonjwa. Ni ugonjwa wa wasiwasi. Ninameza dawa kila asubuhi, na yuko mtu hospitali ananifundisha namna ya kuishi nao. Sasa hivi moyo wangu unakwenda mbio na mikono inatetemeka. Ukiniona nimenyamaza, usidhani nimeichukia nyumba yako. Nasubiri tu ushuke. Siondoki."

Maneno hayo alikuwa hajawahi kumwambia mtu zaidi ya mumewe na Wilibrodi. Jirani yake mpaka leo alijua habari za jino. Nanyori alitafsiri kwa ajili ya wanawake wengine. Nosim akainama mbele.

"Mikono inatetemeka?"

"Inatetemeka."

"Na masikio? Yana moto?"

"Yana moto."

Nosim akapiga makofi mara moja, akamgeukia mke mwenzake, Sinyati, kwa uso wa mpishi ambaye keki yake imeumuka. "Imeingia," akasema.

"Imeingia nini?" aliuliza Angelina.

"Olkiloriti. Magome ya mti wetu. Morani wakienda porini kula nyama wanachemsha haya, wanakunywa mpaka wanatetemeka, na woga wote unawatoka. Mwanangu aliniambia, naye kaambiwa na Adrian, kwamba mama yake ana ugonjwa wa kuogopa. Nikasema, wa kuogopa tu? Dawa yake si tunayo? Nikaipika nzito, ile ya morani kabisa. Sinyati alisema utashindwa kikombe kimoja. Umekunywa viwili."

"Yeyo," Nanyori alimwambia mama yake, akiwa amejifunika uso kwa shuka, "nilikwambia umpe maziwa."

Wilibrodi alipokuja kusimuliwa baadaye alishika kichwa kwa mikono miwili, akamkataza Antonia kuchanganya tena dawa yake na magome ya mtu yeyote. Lakini hiyo ni baadaye. Pale ndani, Antonia alikitazama kikombe, na wazo likamwingia taratibu. Kwa hiyo hii ni supu. Moyo huu, mikono hii, moto huu wa masikio, ni supu. Ni moyo ule ule uliomkimbiza mnadani, ni mikono ile ile iliyomshusha Mto wa Mbu, na yeye, mtaalamu wa miaka yote hiyo, hakuweza kutofautisha kati ya kifo na mchuzi. Amekaa nao vyote, na bado yuko hapa, na kitu pekee kilichomsumbua sasa ni njaa.

Kicheko kilimtoka bila hodi. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na wanawake wakacheka naye, Sinyati akiwa wa kwanza kujipiga mapaja. Nosim, ambaye hakuona kwa nini dawa nzuri ichekwe, alicheka mwishoni, kwa kuwafuata wenzake. Angelina peke yake ndiye aliyebaki akimtazama mama yake, mkono ungali ndani ya mkoba.

"Ngapi?" aliuliza.

Hakuna aliyemfundisha kuuliza hivyo. Alikuwa ameisikia kwenye gari. Antonia akalipima swali kwa uaminifu, kama alivyozoea kufanya.

"Moyo bado tisa," akajibu. "Hofu sijui. Nadhani ni mbili."

Nosim alitaka kuelezwa habari ya namba, akaelezwa, akaona ina maana. Kisha akatangaza kwamba mwanamke aliyemaliza vikombe viwili vya morani hawezi kuitwa mama Adrian kama mtu wa kupita. Kuna kondoo jike zizini, alisema, mwenye kichwa cheusi. Kuanzia leo ni wa Antonia. Na kwa desturi yao, mtu akishampa mwenzake kondoo, majina yao ya zamani yanawekwa kando na wanaitana Paker, wote wawili, maisha yao yote.

"Paker," Antonia alisema, akilijaribu.

"Paker," Nosim aliitikia, akaenda kukata nyama.

Hapo ndipo sauti ya mzee iliposikika kutoka nje, karibu na ukuta, ikiuliza kwa Kimasai na kisha kwa Kiswahili ili wageni wasikie: kabla wanaume hawajaanza mazungumzo, mama wa kijana yumo ndani? Amekula?

Angelina alishafungua mdomo. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyejibu maswali ya aina hiyo: mama anaumwa kidogo, mama anawasalimu, mama ametuma jogoo.

"Nipo," Antonia alisema.

Kuta zilikuwa nene. Akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka bonde la pili.

"Nipo. Ninakula."

Nje walicheka, na mazungumzo yakaanza. Nosim akampa Antonia ubavu wa mbuzi mkononi, na Antonia akaung'ata mara moja ili isiwe uongo. Alipoinua macho alimkuta Angelina analia. Analia wazi, bila kusingizia moshi, na sauti yake ya Jumapili ilikuwa imekwenda.

"Nilikungoja mlangoni mwa kanisa," Angelina alisema kwa Kiiraqw. "Padri alisema tuingie, nikamwambia mama yangu yuko njiani. Nikamwambia mara ya pili. Watu wote walikuwa wananiangalia, Ayo, na mimi naangalia barabara."

Hakuwahi kuyasema hayo. Antonia aliyapokea yote kifuani, pale ambapo moyo ulikuwa bado unakimbia kwa magome ya Nosim, na maumivu yalikuwa makali kweli kweli. Akasogea kwenye ngozi, akampa binti yake nafasi ya kukaa.

"Endelea," akasema. "Niambie yote. Nimekaa."

Angelina akakaa karibu yake, akaanza upya, tangu asubuhi ya siku ile. Nosim akaongeza kuni, akaigeuza nyama motoni, akawaacha wazungumze.